Siku Gari la Matangazo Lilipokwenda Polepole

Mwezi uliopita nilikabidhi kipaza sauti, funguo za stoo, na betri moja isiyoshika chaji ambayo tuliitunza kwa sababu ya umri wake tu. Ninyi mnaobaki na gari la matangazo mmeniomba niwaandikie machache ya kazi hii. Nimekubali, ila msiniulize habari za mshahara. Mshahara mnaujua. Vyeo pia sina cha kusimulia, maana gari lilikuwa na dereva na mtangazaji, na likigoma njiani mtangazaji ndiye aliyesukuma.

Kabla ya yote mjue kwamba mimi ni mtu mwoga. Watu walionisikia miaka yote hiyo nikiunguruma juu ya mapaa yao walidhani nina kifua cha chuma. Kifua kilikuwa cha spika.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa kwaya kutoka Bukima. Gari lilikuwa la mtu binafsi wa Musoma mjini, akilikodisha kwa yeyote mwenye la kusema: watu wa maji, watu wa chanjo, makanisa, wenye maduka, wenye ng'ombe waliopotea, wenye misiba. Siku yangu ya kwanza walinipeleka kwetu Bukima kutangaza habari za kipindupindu. Nilishika kipaza kwa mikono miwili na kupiga kelele kama niko ng'ambo ya maji. Akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa mchangani wakacheka. Mmoja akaniuliza kwa Kijita kama kuna mtu ananikanyaga.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Magoti, Mzanaki wa Butiama, aliyekuwa mtangazaji kabla yangu. Alinyoosha mkono akazima ampulifaya.

"Hiki kipaza ndicho kinapiga kelele," akasema. "Wewe ongea tu. Ongea kama unamwambia mtu mmoja."

Nilifanya naye kazi mpaka macho yalipomwisha, na mengi niliyowafundisha ninyi ni ya kwake. Sema maneno machache, nyamaza, ngoja yafike, maana ukiyafululiza mwangwi wa kilima utayarudisha juu ya yale yanayofuata. Shika kipaza chini ya kidevu, usikile. Kifunge kwa leso upepo wa ziwa usiingie. Anza kwa Kiswahili, kisha rudia kwa lugha ya pale ulipo, na kama huijui mtafute wa pale akusaidie, usijaribu mwenyewe. Soma tangazo lote kimya kabla hujalisoma kwa sauti, kwa sababu kuna matangazo ambayo ukiyajua mwisho wake hutayaanza.

Na kuhusu misiba alikuwa mkali kuliko kwa jambo lingine lolote. Tangazo la msiba, alisema, gari liende gia ya kwanza, taa za mbele ziwashwe hata kama ni mchana, na usipige muziki. La chanjo au la mnada, nenda mwendo wa kawaida, taa zimezimwa. Sababu yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Mtu aliye mbali shambani hasikii maneno, anasikia mvumo tu. Akiliona gari linakwenda polepole na taa zinawaka, anajua kuna mtu amekufa, anaweka jembe chini na kuja barabarani kuuliza ni nani. Tulifanya hivyo miaka na miaka, mpaka watu wa Bweri, Butiama na Bunda wakawa hawahitaji kusikia lolote. Wakiziona taa, akina mama wanajifunga kanga kiunoni na kutoka. Na kwetu msibani haendi mtu kwa kupenda, anakwenda kwa sababu asipokwenda, siku yake hatakuwa na wa kumchimbia.

Yapo magumu mengi niliyopitia, nitawapa moja. Butiama nilitangaza kwamba josho la ng'ombe limefungwa kwa muda. Mzee mmoja akasimama mbele ya gari na fimbo, akataka nishuke tuongee josho lake limefungwa kwa nini. Nikamwambia mimi nimesoma tu. Akasema, "Nimesikia ni sauti yako." Tulirudi kinyumenyume mpaka njia panda. Ndipo nilipoelewa hatari ya kazi hii. Aliyeandika tangazo hakuna anayemjua, yuko ofisini na chai yake. Wewe ndiye unayejulikana.

Nilipooa nilihamia Nyasura, pale Bunda, na ndipo watoto wetu walipokulia. Jioni nikirudi kazini nilipitia kijiwe cha Mkama. Mkama alifanya kazi kiwanda cha pamba, akastaafu, akafungua kibanda cha kahawa chenye runinga. Runinga yake ilinasa vizuri stesheni za nje, zinazosema Kiingereza, na kwa kuwa mimi nilikuwa na kiasi cha Kiingereza na sauti ya kutosha, nikapewa kazi ya pili isiyo na malipo. Nilisimama kando ya runinga na kuwatafsiria wazee.

Miaka ile haukupita msimu bila nchi fulani ya mbali kuwa barabarani. Tuliona vijana wakisimama mbele ya askari wenye ngao, moshi umetanda, wasichana wamefunga vitambaa puani. Nilitafsiri kwa moyo wote. "Wananchi wamechoka," nilisema. "Vijana wana uchungu na nchi yao. Wanadai haki yao." Wengine sikuwa hata nimewasikia vizuri, nilijazia tu. Kijiwe kizima kilitikisa vichwa kukubali.

"Hao ndio wanaume," Mkama alikuwa akisema, akimimina kahawa. "Wanatokaga na mikono mitupu. Siyo sisi, tunaogopaga mpaka kofia ya mgambo."

Mwanangu Masatu alikuwa akikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, tangu akiwa shule. Baadaye akawa fundi simu, kibanda chake kikiwa hatua chache kutoka kwa Mkama, na bado jioni alikuja kunisikiliza. Nilijua ananisikiliza, na nikikiri ukweli, ndiyo sababu nilitafsiri vizuri vile.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Mwaka siutaji. Mtaukumbuka wenyewe, na kama hamuukumbuki ni vizuri zaidi kwenu.

Rafiki yake Masatu, dereva wa bodaboda, alichukuliwa na watu asiowajua mtu, na gari lisilojulikana. Zikapita siku, hakuna ofisi iliyosema iko naye. Vijana wa Nyasura wakaanza kukutana, wakisema wataandamana mpaka waambiwe mwenzao yuko wapi. Hawakudai kingine.

Nilidhani kijiwe kitawaunga mkono. Jioni ile Mkama alipunguza sauti ya runinga, ambako nchi nyingine ilikuwa barabarani, akasema, "Hawa watoto wametumwa. Kijana wa simu na wa bodaboda wanajua nini na maandamano? Kuna mtu anawalipaga."

"Ni wahuni tu," mwingine akasema. "Watatuletea matatizo."

Masatu akauliza kutoka kule nyuma, kwa adabu, "Mzee Mkama, shikamoo. Wale pale kwenye TV ulisemaga ni wanaume. Sisi mbona tumekuwa wahuni?"

"Wale wako kwao."

"Na sisi tuko wapi?"

Mkama hakukasirika. Alimtazama kama anayemhurumia. "Moshi wa kwenye TV hauwashi macho, Masatu," akasema.

Watu wakageuka kunitazama mimi, mtafsiri wao. Niliwatafsiria nchi za watu miaka yote ile bila kukwama hata neno moja, na hapo nikakosa la kusema. Sikuogopa kwamba Masatu amekosea. Niliogopa kwamba ameuliza mbele za watu. Tulipofika nyumbani nilimwambia asiende. Akaniambia, "Baba, nimekua nikikusikiliza." Mama yake, Nyanjura, akasonya upande wangu.

Waliandamana asubuhi iliyofuata. Mimi nilikuwa Musoma stoo, nikisafisha nyaya. Nyanjura akanipigia simu akisema wametawanywa kwa mabomu ya machozi, baadhi wamekamatwa, na Masatu ameonekana akipandishwa kwenye difenda la polisi. Alisema wamesikia wanapelekwa Musoma. Nilikuwa bado nimeshika simu, kijana mmoja wa ofisi ya serikali akaingia na karatasi.

"Mzee Mafuru, kuna tangazo la haraka. Bunda."

Nililisoma kimya, kama nilivyofundishwa. Lilisema kikundi cha wahuni wachache kimevuruga amani, kila mwananchi abaki ndani kwake, mikusanyiko yote ni marufuku na hatua kali zitachukuliwa. Nikamuuliza kama ninaweza kusema "vijana" mahali pa "wahuni". Alinitazama, wala si kwa ubaya.

"Soma kama lilivyo, mzee wangu. Mimi pia nimepewa tu."

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikukataa. Mtoto wangu alikuwa mikononi mwao. Niliona nikikataa, mtu atauliza mimi ni nani, ataambiwa ni baba wa nani, na huko Masatu aliko watajua. Nilipanda gari.

Dereva alikuwa Wambura, mtu wa maneno machache. Tulipita njia panda ya Butiama bila kusemeshana. Kila gari lililotokea mbele nililichungulia kama limebeba vijana kwenda Musoma. Hakukuwa na hata moja. Nikaanza kujiuliza, kama hawakupelekwa Musoma, basi wamepelekwa wapi, na hapo mawazo yangu yakaenda ambako sitaki kuyaandika.

Nyasura barabara haikuwa na mtu, imejaa mawe na matairi yaliyokuwa bado yanafuka. Milango yote imefungwa. Wambura akawasha taa, kwa sababu ya moshi, akaweka gia ya kwanza, kwa sababu ya mawe. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza chini ya kidevu, macho yakiwa kwenye karatasi. Hatukufikiria kitu. Watu wawili wenye uzoefu kama sisi, na hatukufikiria.

Nikaanza kusoma. Sauti ikatoka inatetemeka. Sijui kama mmewahi kusikia hofu ikipita kwenye ampulifaya, inakuzwa na yenyewe. Neno "wahuni" lilinishinda nikalirudia, na mara ya pili likatoka kama kilio. Watu wa Nyasura walikuwa wamenisikia tangu ujana wangu na hawajawahi kuisikia sauti yangu hivyo.

Mlango wa kwanza ukafunguka, mama mmoja akatoka akijifunga kanga kiunoni. Nikasema kwenye kipaza, "Bakini ndani." Wa pili ukafunguka, ukafuata wa tatu. Wazee wakatoka wakivaa makoti. Nilidhani wanatoka kunipiga. Niliwaza kupandisha kioo. Kisha mama yule akafika dirishani, akaushika mkono wangu wenye karatasi kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole, Mafuru. Pole sana, ndugu yangu."

Nilimtazama Wambura, na Wambura akatazama taa zake. Alizizima. Tulikuwa tumechelewa.

Waliona gari linakwenda polepole, taa zinawaka mchana, mtangazaji analia, na mtoto wake amechukuliwa asubuhi. Wenyewe wakajibu swali ambalo mimi nilikuwa nalikimbia tangu Musoma.

Nikasema kwenye kipaza, "Ndugu zangu, hakuna msiba. Rudini ndani." Afadhali ningenyamaza. Mkama alikuwa ameshafika mbele ya gari, amevua kofia, machozi yanamtoka. "Wamemlazimisha aseme hivyo," akawaambia wenzake. "Mnamsikia? Hata kulia wanamkataza." Ukapita mnong'ono, kisha yowe la akina mama, na yowe likiinuka kwetu hakuna anayebaki ndani. Barabara ikajaa. Mtu akasema waende kituoni kwa polisi wakaombe mwili. Na wazee wale wale wa kijiweni, waliosema jana kwamba watoto wametumwa, wakageuka kuelekea kituoni, polepole, Mkama akiwa wa kwanza.

Mbele, kwenye kona, askari walikuwa wamepanga mstari. Mkubwa wao akaja mpaka kwenye gari letu kwa mguu. Alikuwa kijana, jasho linamtiririka, redio mkononi.

"Mzee, umeambiwa uwaingize ndani au uwatoe?"

"Wanadhani kuna msiba, afande."

"Wakifika kwenye lile jiwe jeupe siwezi tena kusubiri. Unanielewa? Nina amri. Waambie warudi."

"Nimewaambia. Hawaamini."

"Basi waambie wanachoamini."

Nilitazama lile jiwe. Nilitazama watu waliokuwa wakilikaribia. Nilimwona Nyanjura akitoka uchochoroni, hana viatu, mikono kichwani, akipita katikati ya watu kuja kwangu. Alikuwa ananitazama mdomo.

Mnajua desturi. Msibani hakuna anayewaondoa watu, awe mwenyekiti au askari. Anayeweza kuwaambia nendeni ni mwenye msiba peke yake, na akishasema hakuna anayebisha. Niliijua hiyo tangu utoto. Nilijua pia kwamba mtu hamtaji mtoto wake aliye hai kuwa amekufa, hata kwa mzaha, hata kwa kuokoa mali. Nikaomba moyoni kwamba Mungu asiwe anasikiliza gari la matangazo.

Mkama akasimama, akageuka. "Sema wewe, Mafuru. Sema kwa mdomo wako na sisi tutakuelewa."

Nikasema. Safari hii sauti haikutetemeka, sijui kwa nini. Nilisema neno, nikanyamaza, nikangoja lifike.

"Mimi Mafuru. Baba yake Masatu. Mwanangu Masatu hatunaye. Nimewaona wote mliokuja. Familia inashukuru. Rudini nyumbani, mkapumzike. Siku ya kuzika nitawaita mwenyewe."

Nikairudia kwa Kijita, maana ndivyo kazi inavyofanywa.

Walisimama. Kisha Mkama akavaa kofia yake, akaja akanipa mkono, akaondoka. Wakaanza kupita mmoja mmoja, kila mmoja pole yake, na barabara ikawa tupu tena. Jiwe jeupe halikuvukwa. Yule mkubwa wa askari alibaki karibu na dirisha langu, rangi imembadilika.

"Nani amekuambia kijana amekufa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Ni kijana wangu kweli, alichukuliwa asubuhi. Yuko hai?"

Akaenda kando na kupiga simu, akanipa mgongo. Alipomaliza alipanda gari lao bila kunitazama. Nimehofu mambo mengi maishani lakini sijui hofu inayofika ule mgongo.

Nyanjura nilimkuta amekaa chini barabarani. Nilimnyanyua, nikamnong'oneza sikioni kwamba nimesema uongo, kwamba sijui lolote, kwamba huenda yuko hai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemzika kwa mdomo," akasema.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile yenyewe. Wanawake walikuja kukaa uani kwetu na masufuria yao. Sikuweza kuwafukuza, kwa sababu ningelazimika kusema nilidanganya, na habari ingefika kwa waliotaka kujua nani aliwatoa watu ndani. Sikuweza kuwaacha pia, kila kilio chao kilikuwa kama kinamvuta Masatu upande ule. Nilizunguka Bunda na Musoma nikiuliza, kote nikaambiwa nirudi kesho. Usiku gari likipunguza mwendo nje, Nyanjura na mimi tuliacha kupumua pamoja.

Na kijiwe? Kijiwe kiliendelea. Nilipita siku moja kununua sukari nikamkuta Mkama akiwaeleza watu. Mtu alimtania kwamba naye sasa ni mwandamanaji, ameonekana akiongoza watu kwenda kituoni. Mkama akakasirika kwelikweli.

"Mimi sikuandamana. Mimi nilikuwa msibani. Usinichanganye na wale wahuni."

"Si mlikwenda kudai mwili?"

"Kudai mwili ni haki ya mtu. Hayo ni mambo ya kibinadamu."

Nilitaka kumwambia kwamba vijana nao walikuwa wanamdai mtu, tena hai. Nilichukua sukari yangu nikaondoka. Simlaumu Mkama, alinilia mtoto wangu kwa machozi ya kweli. Ila nimeona hivi: mtu akiwa mbali tunaona haki yake, akikaribia tunaona matairi yake, na tukiwa sisi wenyewe tunatafuta jina jingine kabisa.

Masatu aliachiwa mchana mmoja pamoja na wenzake kadhaa. Yule wa bodaboda hakuwemo, na mpaka leo ninapoandika hayumo. Masatu alikuja kwa miguu. Mwanamke wa kwanza kumwona aliangusha ndoo. Wengine walikimbia. Nyanjura hakukimbilia kumkumbatia. Alisimama mlangoni akanyoosha mkono kumzuia, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mlango wa mbele. Alimzungusha uani, akamnyunyizia maji, akamwingiza kwa mlango wa jikoni. Ndipo alipomshika, na hakumwachia mpaka nilipowatenganisha ili mtoto ale.

Alikuwa amekonda, jicho moja limevimba. Alikula ugali na sato kwa vidole vya mkono mmoja, wa pili hakuutumia. Mimi nilikaa mbele yake kwenye kigoda. Nilikuwa na maneno mengi ya kumweleza, kuhusu karatasi, mawe, taa na wale askari kwenye kona. Nilianza na neno "wahuni", kwamba niliomba nilibadilishe wakakataa.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia wapi? Si mlikuwa Musoma?"

"Hatukupelekwaga Musoma, baba. Tulikuwa pale pale kituoni, chumba cha nyuma. Dirisha liko juu lakini spika zako zinaingia. Mwenzangu mmoja akaniuliza, huyo siyo baba yako anayetutafsiriaga kwa Mkama? Nikasema siye. Nilisema baba yangu hasemagi hivyo."

Nikainama. Nilidhani hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na nilikuwa tayari kulibeba.

"Halafu ukarudi mara ya pili," Masatu akaendelea, akichambua miba taratibu. "Hapo sauti ikawa yako kabisa. Ukasema Masatu hatunaye. Ukasema na kwa Kijita. Chumba chote kikanigeukia. Nikajua umeshaambiwa. Nikasema kama baba ameshatangaza, basi wameshaamua, bado tu kuja kunichukua."

"Masatu, mimi sikuambiwa na mtu yeyote. Nilitaka watu..."

"Najua sasa. Mama ameniambia pale uani." Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Lakini nilikuwa sijui, baba. Kila siku mlango ukifunguliwa nilikuwa nasimama mwenyewe, ili wasikosee wakamchukua mwingine."